Lenzi Isiyoona Pembeni

"Songea nzima," alisema Bi Getruda, "hamna mwanamke anayeijua kamera kama mimi." Akawazungushia macho wanajumuiya wenzake wa kanisa ili maneno yakae vizuri masikioni mwao, kisha akamalizia: "Juzi nimepiga mawingu ya Matogoro tangu asubuhi mpaka mchana, kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi."

Walicheka mpaka Notburga, mwenyeji wao siku hiyo, akamwaga chai kwenye kitambaa chake cha kufuma. Bi Getruda naye alicheka, tena kuwashinda. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake tangu usichana: akijipandisha, anajishusha mwenyewe, wenzake wanakosa kazi ya kufanya. Lakini siku ile alirudi kwake Lizaboni taratibu, mkoba kwapani, na kicheko kile kilikuwa kimemwachia kamwiba moyoni. Miezi yote hiyo ana kamera, na hajawahi kuwaonyesha kitu cha maana hata kimoja.

Mchezo wenyewe vijana wanauita taimlapsi. Unaiweka kamera mahali pamoja, isiguswe, nayo inapiga picha, inatulia, inapiga tena, kutwa nzima. Baadaye picha zote zinaunganishwa, na kitu kilichochukua siku nzima kukua kinakua mbele yako kabla hujameza mate. Noela, binti yake anayefundisha Mbinga, ndiye aliyemwachia kamera ya zamani aliponunua mpya. Alimwonyesha vibonye vya kubonyeza, akamwonya vingine asiviguse. Bi Getruda aliishia darasa la saba, lakini kibonye hakimwulizi mtu cheti.

Basi akaanza. Alipiga unga wa maandazi ukiumuka. Picha ikatoka inapepesa kama kibatari penye upepo. Alimpiga kuku akiangua. Kuku akamgeuzia mgongo filamu nzima, watu wakatazama mkia. Mwisho kuku huyo huyo akaruka juu ya kigoda kilichobeba kamera, kamera ikaenda chini na lenzi ikapasuka. Ilikuwa ni ile ya plastiki iliyokuja na kamera, lakini ndiyo iliyokuwepo.

Alikwenda duka moja mjini kuulizia nyingine. Kijana wa dukani alimwita mama, akamfutia vumbi kiti, akamwonyesha lenzi mpya inayong'aa, kisha akamtajia bei. Bi Getruda akamwuliza kwa upole kama kwa bei hiyo mpiga picha naye anakuja, aje kuishi nyumbani, na kama anakula ugali. Akashukuru kwa kiti, akatoka.

Asingehangaika hivyo kama mvua zisingekuwa zimeanza. Mvua zikianza, uyoga unatoka, na uyoga ndio aliotaka kuupiga. Si uyoga wowote. Kuna ule mkubwa wa kwenye kichuguu, unaotokeza kichwa kama kidole gumba kisha unafunguka kuwa mpana kama sahani, mweupe, nyama yake tamu kuliko kuku, hasa ukiungwa kwa karanga. Watu wote wanaula, lakini nani amewahi kukaa akauangalia ukifunguka? Hiyo ndiyo picha ambayo ingewafunga midomo wanajumuiya.

Ila hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Katika mji huu mwanamke atakuambia umri wake, atakuambia mumewe alimkosea nini, lakini hatakuambia anapochuma uyoga. Kila mmoja ana pake. Kumwuliza mwenzako ni kama kumwomba afungue pindo la kanga akuonyeshe alichofunga. Na pa Bi Getruda palijulikana kuwa mbali, Mpitimbi, kwenye mashamba ya upande wa mama yake. Kila msimu alionekana alfajiri akitoka na kikapu, na kila msimu alionekana akirudi na kikapu kimejaa, akilalamika magoti. Watu walimpa pole. Walimsifu kwa moyo wake. Uyoga wa Bi Getruda uliitwa uyoga wa Mpitimbi, nao ulikuwa na heshima zake.

Ukweli ni kwamba alfajiri zile alikuwa anakwenda kanisani, misa ya asubuhi, anasali vizuri tu, kisha anarudi kwa njia ya nyuma, anachuma, na baadaye anatokea barabarani na kikapu chake akichechemea. Kichuguu chake kilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwake. Tatizo ni kwamba hakikuwa chake. Kilikuwa upande wa pili wa ua wa mabingobingo, zile nyasi ndefu kama matete, nyuma ya jiko la shemeji yake Tadei.

Tadei alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, Otto. Mwaka mmoja, zamani kidogo, Tadei alitaka kukivunja kichuguu kile apate udongo wa kufyatulia tofali. Bi Getruda akaona uyoga wake unakwenda kuwa ukuta. Jioni hiyo akapita kwa Tadei amejishika kifua, akamwambia amemwona swila mkubwa akiingia kwenye tundu la kichuguu, shingo imetanuka kama mwiko wa kusongea ugali. Tadei ni mwanamume anayeweza mambo mengi, lakini kukabili nyoka si mojawapo. Tangu siku ile hakuwahi kukanyaga nyuma ya jiko lake. Tofali alinunua.

Na kila msimu shemeji mtu alimpelekea sahani ya uyoga. Tadei alikuwa akila, akifumba macho, akisema kwamba ardhi ya hapa mjini imechoka, haiwezi kutoa uyoga wa namna hii. Ndiyo maana, alisema, Mpitimbi inaitwa Mpitimbi.

Sasa huyo Tadei ndiye aliyekuwa na lenzi. Zamani alikuwa na studio ya picha Mfaranyaki, yenye pazia lililochorwa bahari na mnazi, ambapo nusu ya Songea ilipigiwa picha za harusi. Simu zilipokuja na kamera zake, studio ikafa, lakini lenzi hakuuza. Alizihifadhi kwenye bati la biskuti lenye mchele mkavu, ili mchele unywe unyevunyevu.

Bi Getruda alimkuta barazani. Tadei akamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto wa shule, maana ndio utani wao, naye akaitikia marahaba na kumwuliza kama ameshapiga mswaki. Walipomaliza hayo akaeleza shida yake. Alisema anataka kupiga uyoga ukitoka, huko huko Mpitimbi, na kwamba lenzi ya dukani imemshinda bei.

Tadei alifurahi kuliko Bi Getruda alivyotegemea. Ilikuwa ni muda mrefu hajaulizwa kitu cha kazi yake. Alilifungua bati, akapangusa mchele, akazipanga lenzi juu ya mkeka moja moja kama mtu anayepanga mayai. Akamweleza kwamba kwa mchezo huo za zamani ndizo bora kuliko hata mpya. Hizi mpya, ndani kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga na kufunguka kila kamera inapopiga, na havifungi sawasawa kila mara. Picha hii inapata mwanga kiasi, inayofuata inazidi kidogo. Ukiangalia moja moja huoni kitu. Ukiziunganisha, zinapepesa. Bi Getruda akakumbuka maandazi yake. Hizi za zamani unazungusha pete kwa mkono wako, inakaa ulipoiweka mpaka uitoe. Pete ya kulenga nayo unaifunga kwa utepe wa gundi, kazi imekwisha. Na kwa kuwa hakuna anayezitaka, bei yake ni rahisi. Pete ya kuziunganisha na kamera mpya alikuwa nayo. Aliwahi kuagiza Dar ikaja na basi.

Akachukua tochi, akamulika ndani ya lenzi ya kwanza ili waone kama ina ukungu. Ilikuwa nao, nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo kama mizizi.

"Shemeji, hii uiunge kwa karanga," alisema Bi Getruda. "Uyoga umeshatoka, sina haja ya kwenda Mpitimbi."

Tadei alicheka akaiweka pembeni. Zilibaki mbili safi. Moja ilikuwa fupi na pana. Ukiangalia kupitia kwake unaona baraza lote, ua, mwembe wa jirani na mbingu juu. Nyingine ilikuwa ndefu kama kikombe cha pombe ya kangara, na hiyo inaona kipande kidogo tu, lakini kipande hicho inakuletea puani.

Tadei alisema achukue pana, bila kufikiri mara mbili. Alianza kueleza kwa mikono: uyoga mbele, kichuguu kizima, nyuma miti, juu mawingu yanakimbia, na pembeni nyumba za Mpitimbi, ili hata watu wa kule wafurahi kujiona. Kila alichokitaja kilikuwa kinamchoma Bi Getruda. Alikuwa anaona katika akili yake hiyo lenzi pana ikimeza kila kitu: jiko la Tadei, ndoo ya Tadei, kaptula za Tadei kwenye kamba.

"Nataka hii ndefu," alisema.

"Hiyo haioni pembeni, shemeji."

"Ndiyo uzuri wake. Mimi na miaka yangu nimeshaona pembeni kwa kutosha."

Tadei alimwonya kwamba lenzi ndefu haivumilii mtikisiko. Kamera ikicheza unywele mmoja, picha inaruka. Akamwambia atafute kitu kizito cha kuiwekea. Bei ndiyo ilikuwa ya mwisho kuzungumzwa, nayo Tadei alikataa fedha kwa mtu wa nyumbani. Alisema atakula sahani ya uyoga, ule wa Mpitimbi, si wa kuokoteza. Bi Getruda akamshukuru akitazama chini. Watu wasiomjua wangedhani ni haya.

Alipofika kwake alikaa kitandani akaipakata lenzi kama mtoto. Alikuwa amepata lenzi nzuri kuliko ya dukani, kwa malipo ya uyoga wa Tadei mwenyewe, ili aupige picha uyoga wa Tadei mwenyewe, kisha ampelekee Tadei mwenyewe. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mto, maana ua wa mabingobingo hauzuii sauti.

Mvua ilinyesha kutwa, siku iliyofuata ikaanuka. Alfajiri alichungulia kwenye upenyo wa ua akaviona: vichwa vidogo vya kijivu vimepasua udongo, vimesongamana kama watoto chini ya blanketi moja. Hiyo siku misa ilimkosa. Aligeuza kinu juu chini, akakisukuma mpaka kwenye upenyo, akaifunga kamera juu ya kitako cha kinu kwa mpira wa baiskeli. Juu yake akaegesha beseni ili lizuie mvua. Kwa lenzi ile ndefu hakuwa na haja hata ya kuvuka. Kinu kilikaa upande wake, jicho tu ndilo lililochungulia kwa shemeji. Akazungusha pete, akalenga, akafunga kwa utepe. Ndani ya kioo kulikuwa na uyoga na udongo, basi. Hakuna jiko, hakuna kaptula. Akabonyeza, kamera ikaanza kulia: tk, inatulia, tk.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alasiri. Siku hiyo kulikuwa na mpira kwenye televisheni, na antena ya Tadei haikuwa imetulia. Antena yenyewe ilikuwa ni ile inayojulikana Lizaboni nzima: mifuniko miwili ya sufuria na ringi ya baiskeli, juu ya mti uliosimikwa kwenye paa la jiko. Watu huelekezana kwa antena hiyo. Bi Getruda alisikia ngazi ikigonga bati, akainua macho, akamwona shemeji yake amepanda juu ya paa, kifua wazi, na bukta.

Alichuchumaa nyuma ya kinu kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwahi kuripotiwa kuwa nayo. Mkono ukaanza kung'oa majani, ili akiulizwa aonekane anachuma likolo, mboga ya majani ya jioni. Tadei aliizungusha antena, akashuka kuangalia, akapanda tena, akazungusha, akasimama ameshika kiuno, akashuka. Alifanya hivyo mara kadhaa. Hakuangalia chini hata mara moja. Upande ule ulikuwa wa swila. Mpira ulipoanza akatulia ndani, na Bi Getruda akanyoosha mgongo akamshukuru Mungu, akaongeza na Ave Maria moja kwa ajili ya timu ya Tadei.

Usiku huo aliziingiza picha kwenye simu kama Noela alivyomfundisha, akaziunganisha. Simu yake ilikuwa na ufa katikati, na miwani yake ilikuwa ya kusomea tu, lakini aliona alichotaka kuona. Udongo ulipasuka. Vichwa vikasukumana, vikarefuka, vikafunguka kimoja kimoja kama miavuli watu wakitoka misa siku ya mvua. Haikupepesa hata chembe. Kuna kakivuli kalikopita mwishoni, naye akasema ni wingu. Aliitazama tena na tena mpaka simu ikazima kwa njaa.

Asubuhi alichuma, akampelekea Tadei sahani yake, akasema magoti yanamuuma.

Jumuiya iliyofuata ilikuwa tena kwa Notburga, mwenye televisheni kubwa. Sala ilikwisha, chai ikaja na magimbi, na Bi Getruda akatoa simu, ikaunganishwa kwa waya. Hakujisifu neno. Waliomzoea walianza kutazamana.

Ilipoanza, kilichosikika ni mtu mmoja akiweka kikombe chini. Uyoga ukatoka kwenye kioo kile kikubwa, kila kichwa kama ngumi, ukapanda, ukafunguka, mpaka mzee mmoja akavua kofia bila kujijua. Kuku akapita kama risasi. Ilipokwisha, wakapiga makofi kama ya siku ya kipaimara. Tadei, naye mwanajumuiya, alisimama kabisa. Aliwaambia watu kwamba lenzi ni yake, ya tangu studio, na kwamba macho yao yameona kazi ya vioo vya kweli. Bi Getruda alisikia joto zuri likimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Kamwiba kale kalikuwa kametoka.

Laiti wangeishia hapo. Lakini Notburga akaomba irudiwe, na mara ya pili watu hawakutazama uyoga peke yake.

"Mwenzangu," aliuliza Notburga, "hiki kinachopita hapa mwishoni nini?"

"Wingu," alijibu Bi Getruda.

Notburga akairudisha nyuma kidogo. Kwenye televisheni ile kubwa, wingu lilitambaa polepole juu ya kofia nyeupe za uyoga. Lilikuwa na mviringo mkubwa wenye njiti, na miviringo miwili midogo, kila mmoja na kishikio chake katikati.

"Wingu lenye ringi ya baiskeli," alisema Notburga.

Bi Getruda alikunywa chai ambayo haikuwemo kikombeni. Akasema kwamba Mpitimbi nako siku hizi watu wana televisheni, wanatengeneza antena za kila namna, dunia imeendelea. Alisema kwa utulivu mkubwa, na pengine wangemwamini, kwa sababu ni watu wema. Lakini filamu haikuwa imesimamishwa. Nyuma ya kivuli cha antena kikaja kivuli cha mtu. Kikapanda, kikazungusha mikono, kikashuka. Kikapanda tena. Kikashika kiuno, tumbo mbele, na bukta imepanuka pande zote mbili, kikashuka, kikapanda, haraka haraka kama panya kwenye kamba ya nguo.

Wote waligeuka, kichwa baada ya kichwa, wakamtazama Tadei, aliyekuwa bado amesimama, mikono kiunoni, tumbo mbele.

Tadei aliitazama televisheni, akautazama mkao wake mwenyewe, akashusha mikono. Kisha akaanza kuhesabu kimoyomoyo, na kila mtu aliona uso wake ukihesabu: sahani za miaka yote, pole alizompa shemeji kwa ajili ya magoti, bei ya lenzi.

"Shemeji," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kumbe Mpitimbi iko nyuma ya jiko langu."

Kicheko kilianza kwa Notburga, aliyekuwa amekisubiri misimu mingi, tangu alipoanza kushangaa viatu vya rafiki yake vinavyorudi safi kutoka kwenye tope. Kikazunguka chumba chote. Kikamfikia hata Tadei, kikamtikisa mabega, akakaa chini akifuta macho kwa kofia ya yule mzee. Lakini katikati ya kicheko alisimama ghafla, akainua kidole, na watu wakatulia wamsikie.

"Hapo hapo. Kutwa nzima kamera imelikodolea tundu lile la kichuguu. Nimeona uyoga, nimeona kuku, nimejiona na mimi na bukta yangu." Akamsogelea. "Swila je, shemeji? Yule mwenye shingo kama mwiko? Mbona hayumo?"

Bi Getruda aliinamisha kichwa, akaikunja vizuri kanga yake magotini, akafikiri kwa muda ambao mtu mkweli asingeuhitaji.

"Siku hiyo," alisema, "alikuwa amekwenda Mpitimbi."